Naomba ushauri: akiba niiweke kwenye amplifaya ya kuongeza nguvu ya redio, au niinue antena ya waya niliyojitengenezea?

Mwalimu wa Pangani ameandika:

Wakuu, heshima kwenu nyote, na kwa wazee wangu waliomo humu nasema shikamooni.

Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari huku Pangani, mkoani Tanga, na nje ya darasa ni mwanaredio wa ridhaa, yaani nazungumza na watu wa mbali kwa redio kama hobi. Leseni ninayo, nimeipata TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, na alama yangu ya mwito, yaani jina langu la hewani, inaanza na 5H ya Tanzania. Redio ninayotumia ni ya mtumba, ya wati 100, inayofanya kazi kwenye bendi zote za mawimbi mafupi kuanzia mita 80 hadi mita 10 (kila bendi huitwa kwa urefu wa wimbi lake). Nimeipima kwa mzigo bandia wa omu 50, kifaa kinachomeza nguvu badala ya antena, nikaona nguvu inatoka kamili, kwa hiyo redio siishuku.

Antena nimeitengeneza mwenyewe. Ni dipoli ya bendi ya mita 20, yaani vipande viwili vya waya wa shaba wa kusuka umeme wa nyumba, kila kimoja mita 5 na sentimita 3. Katikati vimeshikwa na kipande cha plastiki ngumu nilichokikata kutoka kwenye ubao wa kukatia mboga, nikatoboa matundu, nikalehemu hapo kebo inayokwenda kwenye redio na kufunika kiungo chote kwa nta ya mshumaa. Ncha zake zimefungwa kwenye vipande vya bomba la plastiki. Waya umepita juu ya paa la bati, kutoka pembe ya nyumba hadi kwenye mwembe, ukiwa na kimo cha mita 4 na nusu hivi kutoka ardhini. SWR, yaani kipimo cha jinsi antena inavyopatana na redio (1 ndiyo bora), ni 1.4 katika 14.200 MHz.

Kinachonisumbua ni kwamba jioni nawasikia Waitalia, Wabulgaria na Warusi wakizungumza vizuri kabisa, lakini ninapowaita ni mara chache mtu kunijibu, na akinijibu huishia kuomba nirudie alama yangu mpaka mawimbi yanafifia na mazungumzo yanakatika. Zaidi ya hapo, kuanzia jua linapozama huingia mngurumo unaoufikisha mshale wa mita ya redio, unaoonyesha nguvu ya mawimbi kwa alama za S, kwenye S7, ukazifunika sauti zote dhaifu.

Rafiki yangu mmoja mwenye uzoefu ananishauri ninunue amplifaya ya wati 400 niwe na sauti ya kusikika. Mwingine anasema fedha hiyo niiweke kwenye antena. Akiba yangu inatosha jambo moja tu, na ni akiba ya muda mrefu. Kiwanjani nina minazi miwili mirefu iliyoachana kama mita 25, na ufuo wa bahari hauko mbali na nyumba. Ninaomba anayejua anielekeze, na kama kuna sababu za kitaalamu anieleze bila kufupisha, kwa sababu nakusudia kuwafundisha wanafunzi wangu hicho nitakachojifunza.

---

Mstaafu wa Kilindini amejibu:

Marahaba, mwalimu. Nilikuwa opereta wa redio za meli hapa Mombasa hadi kustaafu kwangu, na hobi hii ninayo tangu enzi za kugonga Morsi, kwa hiyo nitasema bila kuzunguka: usinunue amplifaya. Si kifaa kibaya, ila hakitibu maradhi uliyo nayo.

Tufanye hesabu. Kutoka wati 100 hadi wati 400 umezidisha mara nne, yaani umeongeza desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha kulinganisha nguvu). Kwenye mita ya yule anayekusikiliza kule Italia, desibeli 6 ni alama moja tu ya S. Aliyekuwa akikusoma S4 atakusoma S5. Hiyo ndiyo faida yote utakayoinunua kwa akiba yako ya muda mrefu, na upande wa kusikia hutaongeza chochote.

Sasa utazame huo waya wako. Urefu wa wimbi katika 14.2 MHz ni mita 21 na kidogo, kwa hiyo mita 4 na nusu ni kama sehemu moja ya tano ya wimbi. Dipoli iliyo chini kiasi hicho hurusha sehemu kubwa ya nguvu yake moja kwa moja juu, utosini, na bati lililo chini yake linaizidishia tabia hiyo, maana kwa antena bati ndilo linalokuwa ardhi. Katika bendi ya mita 20 nguvu inayopanda wima namna hiyo mara nyingi hupenya tu na kupotelea angani. Mawimbi yanayofika Ulaya huondoka yakiwa yameinama, nyuzi 10 hadi 25 hivi juu ya upeo wa macho, yakalikuta tabaka la F2, tabaka la anga lenye chaji za umeme lililo kilomita 250 hadi 400 juu yetu, yakarudishwa chini, yakadunda jangwani au baharini, kisha yakapanda tena. Kutoka kwako hadi Roma ni karibu kilomita 5,900, na ruka moja ya F2 haizidi kilomita 4,000 hivi, kwa hiyo unahitaji ruka mbili zilizoanza kwa pembe ya chini.

Ichukue dipoli hiyo hiyo uipandishe hadi mita 10. Ukikokotoa kwa kanuni ya kuakisiwa na ardhi, utaona kwamba nguvu inayoondoka katika nyuzi 20 inaongezeka kwa karibu desibeli 6 kuliko ilivyokuwa kwenye mita 4 na nusu, bila hata kuhesabu hasara ya bati. Ni desibeli zile zile za amplifaya, lakini hizi zinafanya kazi pande zote mbili, kwani yule wa mbali anakusikia zaidi na wewe pia unamsikia zaidi. Gharama yake ni kamba, roda mbili na kebo ndefu kidogo. Hesabu hii ndiyo ningewapa wanafunzi.

Minazi yako ni mali. Mtafute mkwezi anayekuja kuangua nazi, mpe roda mbili azifunge chini kidogo ya makuti, kila moja ikiwa imekwisha kupitishwa kamba ya nailoni isiyooza kwa jua, ili usilazimike kumwita tena kila unapotaka kuushusha waya. Upande mmoja funga kamba imara kwenye shina. Upande wa pili usiifunge. Ining'inize ndoo yenye mchanga wa kutosha kuukaza waya, ikae mita moja na nusu hivi kutoka ardhini, mahali ambapo watoto hawachezi. Mnazi huyumba sana upepo wa kusi unapovuma, na waya uliofungwa pande zote mbili utakatika mwezi wa kwanza. Ndoo itapanda na kushuka yenyewe. Ncha za waya ziache mbali na makuti, mita mbili au zaidi ziwe kamba tupu, kwa sababu ncha za dipoli ndizo zenye volti nyingi wakati wa kurusha.

Kebo ishuke wima kutoka katikati, isitembee sambamba na waya. Mara inapoanza kushuka, izungushe mizunguko 8 hadi 10 kwenye kipande cha bomba la plastiki la upana wa sentimita 10 au 15 na uikaze kwa vibanio. Hiyo ndiyo choki, na kazi yake ni kuzuia mkondo usirudi kwa nje ya kebo hadi ndani ya nyumba. Ukikosa kebo ya omu 50, kebo nzuri ya dishi ya omu 75 inafaa kabisa kwa wati 100.

Mwisho, pima upya SWR baada ya kuinua, kwa sababu kimo kikibadilika na masafa ya antena hubadilika. Urefu wote wa dipoli kwa mita ni 143 ukigawanya kwa MHz, lakini hesabu hiyo ni ya kuanzia tu. Kata waya mrefu kidogo kisha upunguze sentimita chache kila upande.

Minazi yako imekaa kuelekea wapi?

---

Mwalimu wa Pangani ameandika:

Mzee wangu, ahsante sana; hesabu ya nyuzi 20 nimeirudia mwenyewe kwenye daftari na imetoka kama ulivyosema. Minazi imekaa kaskazini-mashariki kwa kusini-magharibi. Nyaya za umeme za mtaa ziko upande wa pili wa nyumba, mbali na hapo. Je, mngurumo wa usiku nao utapungua nikiinua waya?

---

Mstaafu wa Kilindini amejibu:

Kwa mwelekeo huo una bahati. Dipoli hurusha kwa ubavu, na ubavu wako utatazama kaskazini-magharibi, ambako ndiko iliko Ulaya na, ukiendelea mbele, pwani ya mashariki ya Marekani. Japani itaangukia nchani, kwa hiyo huko utasikika kwa shida zaidi. Kuhusu mngurumo namwachia anayezifahamu kelele za siku hizi. Wakati wetu adui alikuwa radi peke yake.

---

Fundi wa Gongo la Mboto amejibu:

Mwalimu, kelele inayoanza magharibi na kudumu usiku mara nyingi hutoka majumbani na si angani. Watu wamewasha taa za LED za bei nafuu, chaja za simu zimechomekwa, na inverta za sola zinafanya kazi. Vifaa hivi hukatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na kila kinapokosa vichujio vya maana, nyaya zinazokiunganisha zinakuwa antena ya kurusha uchafu.

Anzia nyumbani kwako kabla ya kumshuku jirani. Iunganishe redio kwenye betri ya gari ya volti 12, iache ikisikiliza 14.200 MHz, kisha zima swichi kuu ya nyumba. Mita ikishuka kutoka S7 hadi S3, chanzo kiko ndani. Washa swichi ndogo moja moja mpaka ukikamate. Mita isipotikisika, chukua redio ndogo ya mkononi yenye AM, itembeze mtaani jioni, na utasikia mngurumo ukiongezeka kadiri unavyokikaribia chanzo. Ukifika kwa jirani, nenda kwa adabu na umpelekee taa nzuri mkononi. Kwa uzoefu wangu ni nafuu kumnunulia mtu taa moja kuliko kuishi na kelele yake mwaka mzima.

Kama una sola, chunguza hasa kontrola yake, kile kifaa kinachosimamia chaji ya betri. Usiku haichaji, lakini kuna zinazoendelea kunguruma hata paneli zikiwa gizani kwa sababu zinawasha taa au zinachaji simu. Pete za feraiti, zile pete nyeusi za kuzuia kelele za redio, kwenye nyaya za kontrola na za chaja husaidia, mradi waya uzunguke ndani ya pete mara kadhaa. Kupita mara moja tu kwa masafa haya hakutoshi.

Kuinua waya kutasaidia kwa sababu utakuwa umeuondoa karibu na nyaya za nyumba. Na choki aliyoieleza mzee ni muhimu kwa jambo hili pia, maana bila hiyo kebo yako hukusanya kelele za chumbani na kuzipandisha hadi kwenye antena.

---

Dada wa Ngong Road amejibu:

Salaam kutoka Nairobi, mwalimu. Ninaafikiana na mzee kuhusu antena, ila ningependa upate ushahidi kabla na baada ya kuinua, usitegemee hisia.

Njia rahisi ni FT8, mfumo wa kidijitali uliobuniwa na Joe Taylor na Steve Franke mwaka 2017. Unahitaji kompyuta yenye programu ya WSJT-X, ambayo ni ya bure, na waya wa kuiunganisha na redio. Kila kituo hurusha kwa vipindi vya sekunde 15, kwa hiyo saa ya kompyuta lazima iwe sahihi kwa tofauti isiyozidi sekunde moja hivi. Katika bendi ya mita 20 watu hukutana 14.074 MHz. Teremsha nguvu hadi wati 30, kwani FT8 huifanya redio irushe kwa nguvu kamili kipindi chote na redio ya mtumba itapata joto. Ita kwa dakika chache, kisha fungua ramani ya PSK Reporter uone ni vituo gani vimekusikia na kwa desibeli ngapi. Andika matokeo ya jioni kadhaa ukiwa na waya wa chini, halafu ufanye vivyo hivyo ukiwa na waya wa juu kwa saa zile zile. Jioni moja haitoshi, kwa kuwa anga hubadilika kila siku. Kwa sauti ya kawaida unaweza kuifungua redio ya mtandaoni ya Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, ukajisikiliza mwenyewe unavyofika kule, ikichelewa sekunde chache.

Upande wa kusikia, kuna mtandao wa vituo 18 vya ishara uliosambaa duniani, vinavyopokezana kwenye 14.100, 18.110, 21.150, 24.930 na 28.200 MHz, kila kimoja kikipata sekunde 10 katika mzunguko wa dakika 3. Kenya imo kwa alama 5Z4B, Afrika Kusini kwa ZS6DN, Sri Lanka kwa 4S7B, Ufini kwa OH2B. Kila kituo hutaja alama yake kwa Morsi kwa wati 100, kisha hupiga mlio mrefu wa wati 100, wa wati 10, wa wati 1 na wa wati 0.1. Ukiweza kuusikia mlio wa wati 1 kutoka Ufini, utaamini kwamba wati 100 zako zilikuwa zinatosha siku zote.

Nina neno jingine ambalo wenzangu hawajaligusa. Umesema unawaita wao. Kwa nini wasikuite wewe? Italia ina wanaredio wengi mno, lakini alama ya 5H ni adimu hewani, na Wazungu, Wajapani na Wamarekani wanaokusanya nchi, yaani wanaohesabu nchi walizozungumza nazo, wanaitafuta. Tafuta masafa matupu, uliza mara mbili kama yanatumika, kisha ita mwito wa jumla, yaani kwa yeyote anayesikia, kwa utulivu. Mtu wa kwanza akikupata, ataitangaza alama yako mtandaoni na wengine watafuata. Wakizidi hata usiweze kutenganisha sauti, tangaza kwamba utasikiliza kilohezi 5 hadi 10 juu ya unaporushia, na ukizidiwa zaidi waite kwa tarakimu iliyomo kwenye alama zao. Hii pia inaweza kuwa sababu ya kutojibiwa kwako: kituo chenye umati mara nyingi kinasikiliza juu zaidi ya pale unapokisikia, na anayekiita kwenye masafa yale yale hasikiki kamwe, hata awe na wati 1,000.

---

Kijana wa Nungwi amejibu:

Mimi naomba kutofautiana na mzee kwa heshima. Mtu mwenye ufuo karibu namna hiyo anapanda mnazini kufuata nini? Maji ya bahari hupitisha umeme kiasi cha mara elfu moja kuliko ardhi ya kawaida, na antena ya wima iliyowekwa ukingoni mwa maji hurusha kwa pembe ya chini ya nyuzi 10, jambo ambalo dipoli iliyo kwenye kimo cha mita 10 haiwezi. Huku kwetu Unguja, ambayo kwenye orodha ya kimataifa ya visiwa ni AF-032, wageni niliowaona wakija na redio zao huelekea ufuoni na fimbo ya kuvulia, na kwa wati 100 wanazungumza na dunia.

Kuitengeneza si kazi kubwa. Chukua mwanzi mkavu wa mita 7 au zaidi, upandishie waya wima wa mita 5 na sentimita 3, na kutoka chini yake toa radiali mbili, yaani nyaya za kulala za kukamilisha antena, za urefu huo huo, zikielekea pande tofauti kwa kimo cha kichwa cha mtu. Waya wa ndani wa kebo unaungwa na waya wa wima, ala yake, ule wavu wa nje, inaungwa na radiali, na choki iwe hapo hapo. Usiusimamishe mwanzi bila kuijua bahari yako, kwa sababu wakati wa bamvua maji hupanda mbali kuliko siku za maji mafu. Ukirudi nyumbani osha kila kitu kwa maji baridi, kwani chumvi huila shaba na viunganishi upesi.

---

Mstaafu wa Kilindini amejibu:

Kijana wangu, hujakosea, na fizikia yako ni sahihi. Ninachokiangalia ni maisha ya mwalimu. Antena ya ufuoni ataisimamisha Jumamosi, ataishusha jioni, na siku za shule hatakuwa na kitu hewani. Vilevile aisome leseni yake kwanza aone kama inamruhusu kurushia nje ya anwani iliyoandikwa. Dipoli ya minazini itakuwepo kila usiku anapomaliza kusahihisha madaftari. Aanze nayo, na ya ufuoni awe nayo kwa ajili ya siku za mashindano na za kuwaonyesha wanafunzi.

Na wazo la waya wa chini asilitupe. Dipoli ya mita 40 iliyo chini ndiyo inayofaa kwa jirani zetu wa Nairobi, Dar es Salaam na Kampala wakati wa mchana, kwa sababu hapo tunataka hasa mawimbi yapande utosini na kurudi.

---

Mswahili wa Muscat amejibu:

Assalaam alaykum. Nimezaliwa Unguja na naishi Oman, na kila nisikiapo 5H au 5Z moyo hufurahi, kwa hiyo naomba mwalimu usijifunge kwenye mita 20 peke yake. Ikiwa minazi imeachana mita 25, unaweza kutundika dipoli ya mita 40, yenye urefu wa mita 20 hivi, na waya huo huo utakubali pia bendi ya mita 15, maana masafa yake ni mara tatu ya yale ya mita 40. Katika mita 15 ruka moja tu hunileta kwako, kwani kutoka Pangani hadi Muscat hazifiki kilomita 4,000.

Kuhusu saa, kumbuka kuandika daftari lako kwa UTC, saa moja inayotumika dunia nzima. Saa 12 jioni ya Tanzania ni 15:00 UTC. Mita 10 na mita 15 zifuate kuanzia mchana hadi jua linapozama, na ukitaka Amerika ya Kaskazini anza saa 10 jioni, kwa kuwa ndipo kwao kumekucha. Mita 20 ni ya alasiri hadi usiku. Mita 40 ni ya usiku, ingawa kwenye msimu wa mvua radi za Kongo na za Ziwa Viktoria zitaijaza mikwaruzo. Usichelewe kuzitumia bendi za juu: shughuli za jua hupanda na kushuka kwa mzunguko wa miaka kama 11, mzunguko wa sasa ulianza Desemba 2019, kilele chake kilikuwa mwaka 2024, na kadiri madoa ya jua yanavyopungua mita 10 itazidi kunyamaza.

Kuna jambo lingine ambalo wanafunzi watalipenda. Setilaiti ya QO-100, iliyorushwa Novemba 2018, imekaa mahali pamoja juu ya ikweta kwenye nyuzi 25.9 mashariki, na wanaredio wa ridhaa kutoka Brazili hadi Tailandi wanakutana humo usiku na mchana bila kutegemea tabaka la F2. Kutoka Pangani iko juu sana, zaidi ya nyuzi 70, upande wa magharibi ikiegemea kidogo kaskazini. Kwa kusikiliza tu unahitaji dishi la kawaida la televisheni, LNB yake, yaani kile kichwa cha kupokea mbele ya dishi, na kipokezi kidogo cha USB cha kuchomeka kwenye kompyuta. Ishara hushuka kwenye 10,489.5 MHz na kuendelea, na LNB huziteremsha hadi karibu 739.5 MHz, ambazo kipokezi hicho kinazisoma bila tabu. Dishi lililoachwa bila kazi hapo mtaani litatosha kuanzia.

---

Mwalimu wa Pangani ameandika:

Wakuu, nimerudi kutoa taarifa, kwa sababu ushauri niliopewa bure hapa nimeufanyia kazi.

Mkwezi alifunga roda zote mbili, na dipoli ya mita 20 sasa iko kama mita 11 kutoka ardhini, kamba moja ikiwa na ndoo ya mchanga. Juzi ulivuma upepo mkali, nikaitazama ndoo ikipanda na kushuka karibu nusu mita, na waya haukupata madhara yoyote. Baada ya kuinua, masafa yalishuka kidogo ikabidi nipunguze sentimita 6 kila upande. SWR sasa ni 1.2.

Nilifanya kama alivyoelekeza dada wa Nairobi. Vituo vile vile vya Ulaya vilivyokuwa vikinisoma katika FT8 kwa waya wa chini sasa vinanisoma kwa desibeli 5 hadi 8 zaidi, kwa wati 30 zile zile. Wanafunzi wa kidato cha nne ndio waliochora grafu. Kwa upande wa sauti, niliita mwito wa jumla nikiwa nimekaa 14.230 MHz, na baada ya Mbulgaria mmoja kunipata walifurika hata nikalazimika kusikiliza kilohezi 5 juu. Jioni iliyofuata alinijibu mzee mmoja wa Kanada, akanieleza kuwa Tanzania alikuwa hajawahi kuipata kwa sauti. Nilipompa ripoti yake nilisikia wazi kwamba alikuwa anatabasamu.

Mngurumo ulikuwa ni wangu mwenyewe: kontrola ya sola inayowasha taa za uani. Nimeihamishia mbali na kebo na kuiwekea pete za feraiti, na mita sasa inasimama S3. Akiba imenunua kebo nzuri na kipima antena kidogo cha mkononi, na iliyobaki naitunzia dishi la QO-100.

Swali langu la mwisho ni kuhusu radi. Masika yanakaribia, na waya umekaa kati ya minazi miwili ambayo ndiyo mirefu kuliko vitu vyote hapa. Nifanyeje?

---

Mstaafu wa Kilindini amejibu:

Hongera sana, mwalimu, na wapongeze wanafunzi kwa grafu hiyo.

Kuhusu radi, usitafute kifaa cha kukuruhusu kuendelea kurusha wakati mawingu yamefunga, hakipo. Kebo iishie nje ya ukuta, kwenye kisanduku kisichopitisha maji, na kuingia ndani kuwe kwa kipande kifupi unachoweza kukichomoa. Chini ya kisanduku pigilia fimbo ya shaba ardhini, uunge ala ya kebo kwa waya mnene ulionyooka usio na kona kali, na fimbo hiyo iungane na ile ya umeme wa nyumba ili zisitofautiane volti. Kila unapomaliza kurusha, chomoa kipande cha ndani. Usisubiri kusikia ngurumo, kwa sababu radi ya kwanza haitoi taarifa. Wingu likiwa limekwisha kufika usiishike kebo kabisa, iache ilivyo na ukae mbali na redio. Masika yakiwa makali, shusha waya wote kwa zile roda. Ndiyo faida yake nyingine.

Na mvua ikikatika, kabla ya kurusha, pima SWR kwanza. Ikiwa imebadilika sana kuliko ile 1.2 yako, huenda maji yameingia kwenye kebo pale katikati. Shusha, kata kipande kilicholowa mpaka uone shaba inayong'aa, lehemu upya, na safari hii juu ya nta zungushia utepe wa mpira, ukianzia chini kwenda juu ili kila mzunguko uufunike ule wa chini yake.